Kupaka upya rimu za gari nyumbani: spreyi ya kopo, klia ya hadina, rangi ya mpira au rangi ya unga?

Kama rimu zako ni za spoti, yaani za aluminiamu, hazina ufa wala hazijapinda, na gari ni la kwenda nalo kazini kila siku, ushauri wetu ni huu: piga praima na rangi ya kopo mwenyewe hapo uani, kisha juu yake ipigwe klia ya hadina, yaani rangi angavu ya juu inayochanganywa na dawa ya kuigandisha. Kama huna barakoa yenye kichujio cha mkaa, hiyo klia mpelekee fundi rangi mwenye vifaa. Kama ni rimu za chuma za Probox, Hiace au pikapu ya shamba, usijitese: rangi ya mafuta kwa brashi juu ya redioksaidi, ile praima nyekundu ya kuzuia kutu, inatosha, na ikichubuka unairudia Jumamosi asubuhi. Rangi ya mpira inamfaa anayetaka kubadilisha sura kwa miezi michache bila kugusa rangi iliyopo chini. Rangi ya unga, ile inayookwa kwenye tanuri, inazishinda zote kwa ugumu, ila si kazi ya nyumbani na ina masharti yake.

Kabla ya kulinganisha rangi, ijue rimu uliyo nayo. Mara nyingi yenyewe ndiyo inayokuchagulia.

Rimu yenyewe inasemaje

Ivue, ioshe kwa sabuni mbele na nyuma, kisha igeuze juani. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani, ule unaotazama chini ya gari. Huko ndiko mashimo ya barabara yanakoacha alama zake. Ukikuta ufa mwembamba kama unywele, hasa penye mdomo au kwenye shina la spoku, mjadala umeishia hapo. Rimu hiyo haipakwi rangi, na puti haiwekwi juu ya ufa hata kidogo, kwa sababu inauficha tu huku ukiendelea kukua.

Ikiwa nzima, fanya jaribio la thina. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe thina kidogo, usugue mahali pasipoonekana, nyuma ya spoku, kwa sekunde 20. Kitambaa kikitoka safi na rangi ikabaki ngumu, hiyo ni rangi ya kiwandani au ya hadina. Ni msingi mzuri, unaipiga msasa tu na kupaka juu yake. Kitambaa kikitoka na rangi, au sehemu ikawa na gundigundi, aliyetangulia alitumia kopo la kawaida. Thina ya rangi yako mpya italainisha ile ya chini, kwa hiyo ni salama zaidi kuitoa yote. Na ikivimba na kukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, hiyo ni rangi ya mafuta. Klia ya hadina haikai juu ya rangi ya mafuta. Ing'oe mpaka chuma, au baki na rangi ya mafuta mpaka mwisho.

Rimu za kromi ni taabu. Rangi haishiki kwenye kromi laini, na kromi iliyoanza kubanduka ina kingo kali kama wembe. Kama unataka kuzipaka, kromi iliyolegea itolewe yote na iliyobaki ichubuliwe kwa msasa mpaka mng'ao uishe kabisa. Rimu zenye uso uliochongwa kwa mashine, zile zinazong'aa mistari ya duara kama sahani ya santuri, nazo zina lake: mchongo ule hauwezi kuurudisha kwa mkono. Ukizipaka zinakuwa za rangi moja. Ukiona chini ya klia yake kuna nyuzi nyeupe zinazotambaa kama minyoo, huo ni ulikaji wa aluminiamu. Unyevu wenye chumvi umeingia penye mkwaruzo na unasafiri chini ya klia. Magari yaliyotumika mikoa ya theluji Japani huja nayo, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na ukiishi Tanga, Mombasa au Unguja hewa ya bahari inaiendeleza kazi hiyo. Kuifunika kwa rangi mpya bila kuikwangua mpaka aluminiamu safi ni kuipa hifadhi.

Maandalizi, ambayo ni yaleyale kwa rangi zote isipokuwa ya mpira na ya unga

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na lawama hubebeshwa rangi. Adui wa kwanza ni dawa ya kung'arisha matairi. Nyingi zina silikoni, na kila mara gari linapooshwa matone huruka kwenye rimu. Rangi ikikutana na silikoni inakimbia na kuacha vitundu vya duara vyenye chuma katikati, na ukipiga koti nyingine vinarudi palepale.

Kwa hiyo utaratibu una maana: sabuni kwanza, kisha dawa ya kuondoa mafuta, ndipo msasa. Ukianza na msasa unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo. Dawa ya kuondoa mafuta ni ile inayouzwa maduka ya rangi za magari. Tumia vitambaa viwili, kimoja cha kupakia na cha pili kikavu cha kufuta kabla haijajikausha yenyewe. Wengi hufutia petroli. Usifanye hivyo, petroli ya kituoni huacha utando wa mafuta. Ukitaka kujua kama umemaliza, mwagia maji safi: yakitandaa kama karatasi, pako tayari, yakijikusanya matone, rudia.

Kitu kingine cha kukataa ni kostiki, hata kama mtu anakuapia kwamba inang'oa rangi haraka. Inang'oa kweli, lakini inakula na aluminiamu yenyewe, huku ikitoa gesi inayoshika moto. Kwenye chuma inavumilika, kwenye rimu ya spoti ni uharibifu.

Mkwaruzo wa ukingo wa barabara anza na msasa namba 80 au 120 kwa kuondoa meno ya aluminiamu, nenda 180, kisha 320. Sehemu ambayo rangi yake ya zamani ni imara inahitaji 320 mpaka 400 tu, ili ipoteze mng'ao. Mpaka kati ya rangi ya zamani na chuma uusugue mpaka ukucha ukipita usikwame. Ukikwama leo, kesho utauona mstari chini ya rangi mpya. Shimo lililobaki, lisilozidi milimita 2, jaza puti: puti ya ukubwa wa limau kwa hadina yake ya ukubwa wa punje ya njegere. Kwa joto la Dar es Salaam una kama dakika 5 tu kabla haijaganda, kwa hiyo changanya kidogokidogo. Hadina nyingi haiharakishi kazi, inaacha madoa yanayopenya juu ya rangi. Puti inakaa juu ya chuma kilichochubuliwa, haiwekwi juu ya praima ya asidi.

Aluminiamu tupu hujivika utando wa oksidi ndani ya muda mfupi. Ukimaliza msasa wa mwisho, futa na upige praima saa ileile, usiiache mpaka kesho. Penye aluminiamu tupu koti ya kwanza iwe praima ya asidi, nyembamba kiasi cha kuona chuma kwa mbali. Juu yake praima ya kujaza koti mbili au tatu. Kwenye rimu za chuma, kutu itoke kwa brashi ya waya kwenye grainda mpaka rangi ya kijivu, kisha redioksaidi au praima ya zinki. Praima ikikauka, isugue kwa msasa wa maji namba 600, au 800 kama rangi yako ni silva yenye chembechembe, kwa sababu silva huonyesha kila mkwaruzo ulio chini yake.

Tairi libaki au litoke?

Kupaka tairi likiwa kwenye rimu kunaokoa hela ya fundi tairi mara mbili, na kwa uso wa mbele pekee kunawezekana vizuri. Mbinu bora ni karata. Punguza upepo mpaka tairi lilegee, kisha chomeka karata moja moja kati ya mdomo wa rimu na mpira, zikipandana kama vigae vya paa. Seti moja inazunguka rimu na kubaki. Zinakinga mpira na zinaacha rangi ishuke mpaka nyuma ya ukingo, jambo ambalo tepu ya karatasi haiwezi. Wapo wanaopaka grisi kwenye tairi badala ya karata; grisi ile kidole kikiigusa na kuhamia kwenye spoku, umejitengenezea tatizo lilelile la silikoni.

Lakini kama mdomo wa rimu umechubuka pande zote, au ulikaji umeingia mpaka tairi linapokaa, toa tairi. Hakuna namna nyingine ya kufika. Na kama utatoa, toa mapema: mashine ya kutolea tairi inachubua, basi ichubue rangi ya zamani.

Sehemu tatu hazipakwi kwa namna yoyote: uso wa nyuma unaokaa juu ya habu (kitovu cha gurudumu), viti vya nati, na mahali mdomo wa tairi unapobana. Rangi iliyobanwa katikati ya rimu na habu husagika na joto la breki, ikishasagika unene unapungua, na nati zilizokuwa zimekaza zinalegea. Ziba matundu ya nati kwa magazeti yaliyoviringishwa au tepu iliyokatwa duara.

Kopo la kawaida dhidi ya klia ya hadina

Huu ndio ulinganisho wenye uzito, maana rangi zenyewe zinafanana mno machoni. Siku ya kwanza hutatofautisha. Tofauti iko katika namna zinavyokauka.

Rangi ya kopo la kawaida hukauka kwa thina kuruka. Haibadiliki kikemia, inabaki tu kama ilivyokuwa bila thina. Maana yake ni kwamba ikikutana tena na thina, petroli au mafuta ya breki, inarudi kulainika. Tone la mafuta ya breki likiachwa usiku kucha linaikwangua mpaka praima. Klia ya hadina hukauka kwa mmenyuko: hadina inafunga minyororo ya rangi kuwa kitu kimoja, na ikishafunga thina hairudishi nyuma. Ndiyo maana inastahimili dawa za kuoshea rimu, vumbi la breki la moto na mchanga wa barabarani kwa muda mrefu zaidi.

Kwa rimu nne za inchi 15 au 16, upande wa mbele na mdomo wake, njia ya kopo tupu inataka makopo 2 ya praima, 2 mpaka 3 ya rangi na 2 ya klia, yote ya mililita 400. Ongeza kopo moja la rangi kama unapaka na ndani ya pipa, yaani mviringo wa ndani wa rimu. Tikisa dakika 2 baada ya kusikia gololi inagonga. Simama sentimita 20 mpaka 25, anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye rimu na uachie ukishapita. Anza na pande za ndani za spoku na pembe zilizojificha, uso wa mbele uwe wa mwisho; anayeanza na uso hujikuta akiurundikia vumbi la rangi kavu wakati anahangaika na pembe. Koti ya kwanza ni ukungu tu, hata kama inaonekana haijafunika. Ngoja dakika 10 mpaka 15, piga ya pili, kisha ya tatu. Machozi ya rangi hutokea hasa pale spoku inapokutana na mdomo, kwa sababu mkono hupita pale mara mbili.

Soma kopo kuhusu muda wa kurudia koti. Nyingi husema ndani ya saa moja au baada ya saa 24 mpaka 48. Katikati ya hapo rangi imekauka juu na mbichi chini. Thina ya koti mpya inaingia, ngozi inavimba, na unaona mikunjo papo hapo mbele ya macho yako. Hakuna dawa ila kungoja ikauke kabisa, kusugua na kuanza upya sehemu hiyo.

Klia ya hadina unaipata kwa njia mbili. Kuna kopo lenye chumba cha hadina ndani: unaligeuza, unabonyeza pini ya chini, unatikisa dakika 2 na kuanza. Likishafunguliwa linaganda, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo rimu zote nne ziwe tayari kabla ya kubonyeza pini. Kopo moja la mililita 500 linafika rimu nne ndogo kwa koti mbili, bila akiba ya makosa. Njia ya pili ni bunduki na kompresa. Changanya klia mililita 300 na hadina yake 150, kwa ile ya uwiano wa 2 kwa 1, na thina isizidi asilimia 10. Soma uwiano wa klia uliyonunua, maana zipo za 4 kwa 1, na usichanganye hadina ya kampuni hii na klia ya kampuni ile. Bunduki ndogo ya tundu la milimita 0.8 au 1.0 inafaa rimu kuliko ile kubwa ya 1.3, kwa sababu inaingia kati ya spoku na haimalizi upepo wa kompresa ya lita 50. Upepo uwe karibu PSI 28. Kichujio cha maji kwenye bomba ni lazima. Pwani kompresa inakusanya maji tele, na tone moja likitoka na klia linaacha kidonda.

Sasa kasoro yake kubwa, nayo haihusu rimu, inahusu mapafu. Hadina ina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukungu wake unaweza kuanzisha pumu, na mtu akishapata mzio wake, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kumbana kifua. Huwezi kutegemea harufu kukuonya. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii chochote; angalau iwe barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke na chembe, A2P3, vipya na inayobana uso bila ndevu kuingilia, pamoja na miwani ya kufunika na glavu. Pia iwe mahali pa wazi, watoto na majirani wakiwa mbali. Tunasema bila kuzunguka: asiye na barakoa hiyo asiipige. Gharama ya kumpa fundi rangi apulize klia kwenye rimu nne zilizokwisha kuandaliwa ni ndogo, kwa sababu sehemu kubwa ya bei yake huwa ni msasa na puti, na hizo umeshamaliza. Iache rangi ya kopo ilale usiku mmoja kabla ya kupeleka, na umwambie koti ya kwanza ya klia iwe nyembamba ili isiamshe rangi iliyo chini.

Kuna anayeuliza kuhusu rangi za kuhimili joto, zile za ekzosi. Hazihitajiki. Rimu haifiki joto la ekzosi hata ukishuka mteremko mkali wa Kitonga na breki mguuni, na rangi nyingi za aina hiyo zinahitaji kuchomwa kwa joto kali ndipo zigande. Kwenye rimu zinabaki laini na petroli inazifuta.

Rangi ya mpira

Inapulizwa kama spreyi na inakauka kuwa ngozi unayoweza kuibandua. Haitaki praima wala msasa, rimu iwe safi tu. Kosa la kila mtu ni kupiga koti chache ili kuokoa kopo. Ukipiga mbili, siku ya kuitoa inakatika vipandevipande na utaishia kusugua kwa kucha; piga 5 au 6, karibu kopo moja kwa rimu, zitoke kwa shuka moja. Tepu ing'olewe koti ya mwisho ikiwa bado mbichi, la sivyo inavuta ukingo.

Udhaifu wake ni wazi: petroli inaiyeyusha, maji ya presha ya kwenye kuoshea magari yanapata mlango penye ukingo na kuinyanyua, na fundi tairi akigusa kwa chuma chake imechanika. Kwa anayeshuka milima mirefu na mzigo, joto la breki linazidi lile inalolipenda. Haifichi mkwaruzo wowote. Kama rimu zako ni nzima na rangi yake imekuchosha tu, ni chaguo la haki. Vinginevyo pita.

Rangi ya mafuta na brashi

Malori na daladala nyingi zimeishi nayo. Nusu lita inapaka rimu nne za chuma koti mbili, inashika juu ya redioksaidi, na hata mahali penye vishimo vya kutu inajaza. Tumia brashi ya nywele laini, rangi iliyopunguzwa kidogo kwa tapentaini, na uwe na subira: inashikika kesho yake, lakini inaendelea kukomaa kwa siku nyingi. Kwenye rimu ya spoti yenye spoku nyembamba inaacha mistari na inafuta kona zilizochongwa vizuri. Huko usiipeleke.

Rangi ya unga

Rimu iliyovuliwa kila kitu, tairi, valvu, risasi za balansi, hutundikwa, unga wenye umeme tuli hupulizwa na kuushika, kisha huokwa karibu nyuzi 180 mpaka 200 kwa dakika 10 hadi 20. Unga unayeyuka na kuwa ngozi nene, ngumu kuliko chochote utakachopuliza uani. Miji mikubwa ina karakana zinazopaka hivyo fremu za aluminiamu za madirisha na samani za chuma, na nyingi hupokea rimu.

Kabla hujaziacha, uliza mambo matatu. La kwanza, wanatoaje rangi ya zamani: mchanga mkubwa unaacha uso wenye chunusi ambazo unga hauzifichi. La pili, kama wanaosha aluminiamu kwa dawa ya kuilinda kabla ya unga. Bila hiyo, pwani ulikaji utatembea chini ya ngozi nzuri mpaka ibanduke vipande vikubwa. La tatu, kama wanaipasha rimu joto tupu kwanza. Rimu za kumimina, zilizoumbwa kwa aluminiamu iliyoyeyushwa, hushika hewa kwenye vitundu vyake, na hewa hiyo ikitoka wakati wa kuoka inaacha malengelenge. Joto nalo lidhibitiwe, kwa kuwa aluminiamu ya rimu ilitiwa ugumu kwa joto kiwandani. Tanuri la kukisia, au kuokwa mara nyingi, linaweza kuupunguza.

Puti ya kawaida haivumilii tanuri, kwa hiyo mikwaruzo yote itolewe kwa msasa tu, na ile yenye kina itabaki kuonekana. Halafu kuna suala la matengenezo. Rangi ya kopo na klia ikichubuka penye ukingo unasugua eneo la kiganja na kulipaka tena. Rangi ya unga haikubali kiraka kisichoonekana; ikichubuka unaishi nacho au unaanza moja. Kwa anayeegesha kila siku pembeni ya ukingo wa zege katikati ya mji, hilo peke yake lingetosha kumrudisha kwenye kopo.

Saa ya kupaka

Hali ya hewa inaamua zaidi ya ustadi. Thina inaporuka inapoza uso wa rimu, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, unyevu huo unageuka maji juu yake. Klia inakuwa nyeupe kama maziwa. Dar es Salaam na Mombasa wakati wa masika acha kabisa. Siku kavu, anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, maliza kabla ya saa sita rimu haijawa moto wa kuunguza kiganja. Juu ya rimu ya moto rangi inakauka kabla haijatandaa, inabaki na ganda la chungwa. Nairobi na Iringa shida ni baridi: mwezi wa Julai weka makopo kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu (yasiwe ya moto) dakika 10, kwa sababu kopo la baridi linatema matone makubwa. Dodoma na Singida ni vumbi. Mwagia ua maji nusu saa kabla, na upulizie upande usio na upepo. Turubai juu ya kichwa linasaidia kote, kwa ajili ya majani na wadudu.

Kurudisha

Klia ya kopo ingoje siku 5 mpaka 7 kabla rimu haijaenda kwa fundi tairi. Klia ya hadina siku 2 zinatosha kufunga, ingawa ugumu kamili huja kama wiki. Usiamini kalenda peke yake. Bonyeza ukucha wa gumba nyuma ya spoku, kwa nguvu. Ukiacha alama ya mwezi mchanga, bado ni mbichi. Fundi tairi umwombe atumie mkono wa plastiki kwenye mashine kama anao, na kitambaa kama hana. Risasi za balansi za kubandika ziwekwe ndani ya pipa, zile za kugongea zitachubua mdomo uliouhangaikia.

Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, kwa mkono kwanza. Toyota ndogo nyingi zenye boliti za milimita 12 hukazwa Nm 103, kipimo cha nguvu ya kukaza; gari jingine angalia kitabu chake. Rimu nyingi za spoti za Toyota zilizotoka nazo kiwandani hutumia nati zenye shina na washa bapa, za chuma hutumia zenye kichwa cha koni, na kuzibadilishana kunaacha rimu haijashikwa sawasawa. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama penye kivuli rimu zipoe, pitia nati zote tena kwa spana. Ukikuta moja imezunguka robo, ifungue, utazame kiti chake: mara nyingi kuna pete ya rangi iliyobaki pale. Ikwangue yote, kisha kaza upya.